Kulipia kampuni binafsi ikukague jiko: hela inarudi au hairudi?

Naandika hii kwa wenye migahawa na watu wa keita, hasa wa hapa Dar ambao siku hizi mnapigiwa simu na makampuni ya ukaguzi wa usalama wa chakula. Mimi nasimamia mgahawa wa saizi ya kati, mchana tunauza kwa watu wa maofisini, wikiendi tunapika sherehe, na hii huduma tumeshailipia, tumekaguliwa, tumepewa ripoti na wamerudi tena kuangalia tumerekebisha nini. Jina la kampuni sitaji maana wana mazuri yao na wana mapungufu yao, na ninachotaka kuongelea ni huduma yenyewe. Msimamo wangu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, ila kinachofaa sio kile wanachokusifia kwenye simu. Kwenye simu wanakuuzia cheti. Kinachokusaidia ni thamomita ya mkaguzi na zile saa anazosimama jikoni kwako anaangalia mnavyofanya kazi.

Kwa asiyeijua, huyu sio bwana afya wa manispaa. Bwana afya ni serikali, humchagui, ana mamlaka ya kukufungia, na kwa uzoefu wangu kwenye majiko niliyopitia anaangalia leseni, vyeti vya wafanyakazi vya kupima afya, choo, dastibini, kofia na aproni, ukuta kama una rangi. Kazi ya maana kabisa na isifutwe. Huyu wa binafsi unamwita mwenyewe na unamlipa mwenyewe, na akikuta mende hawezi kukufungia, anachoweza ni kukuandikia. Sasa hapo ndo penye faida yake na hapohapo ndo penye tatizo lake, nitafika.

Bei ilikaribia mishahara ya mwezi ya wapishi wawili. Naitaja hivo kwa sababu mwenye mgahawa anapiga hesabu kwa mishahara, kodi na gesi, na mkurugenzi wetu aliuliza swali la haki kabisa, kwamba kwa nini nisinunue friza na hiyo hela.

Nianze na walichofanya vizuri. Tulikubaliana wiki, siku hatukuambiwa. Mkaguzi akatokea saa kumi na mbili asubuhi nyama ndo inashushwa kwenye bodaboda, binti mmoja mtulivu, akamwamkia mama yetu mpishi mkuu shikamoo, akajitambulisha, akaomba glasi ya barafu iliyopondwa. Akatia maji kidogo, akachovya thamomita, akasubiri mpaka isome 0 ndo akaanza kazi. Ukiona mkaguzi anaanza kwa kupima kipimo chake mwenyewe, hapo umepata mtu. Kuna wengine wanakuja na kalamu na kamera ya simu tu, hao wanapiga picha marumaru zilizopasuka wanaondoka, na marumaru iliyopasuka haijawahi kumlaza mteja wangu hospitali.

Mchana saa tisa hivi akafika kwenye mahotipoti.

"Mama, huu wali wa saa ngapi?"

"Wa saa tano mwanangu, umo kwenye hotipoti, wa moto bado huo."

Akachomeka thamomita katikati, ikasoma 44. Mama akashika wali kwa mkono, kwa mkono kweli ni wa moto. Lakini kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ile ya mambo matano ya chakula salama, inasema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, katikati ya hapo bakteria wanazaliana, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili. Kwenye wali kuna mdudu wake kabisa, anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemka, yaani wali unachemka vizuri lakini yeye yumo amelala, ukipoa taratibu anaamka, anazaliana, na moja ya sumu anazotoa haiharibiki hata ukiupasha tena. Hii ilinishtua zaidi ya kitu chochote kwenye ripoti nzima, kwa sababu sisi wote tumekua tunaamini ukipasha chakula mpaka kikatoa moshi basi umeua kila kitu. Umeua wadudu, sumu waliyoacha bado ipo. Sasa fikiria pilau ya harusi, imepikwa saa nane mchana, inaliwa saa tatu usiku ukumbini, imekaa kwenye masufuria yamefunikwa na mkaa umeshazima. Watu wa keita wananielewa.

Hotipoti ni chombo kizuri kwa nyumbani, chakula kinaingia cha moto sana na kinaliwa baada ya muda mfupi. Kwa biashara ya kuuza kuanzia saa sita mpaka saa kumi, huku kila mteja unafungua na kufunga, halitoshi.

Friji. Namba ya nje inasema 4, akachomeka kwenye kuku wa katikati ikatoka 11. Sababu ziko tatu na zote nadhani ziko kwenye majiko mengi ya hapa mjini: mpira wa mlango umelegea, friji limejazwa mpaka hewa haizunguki, na soda za wateja zimo humohumo kwa hiyo mlango unafunguliwa siku nzima. Ongeza na umeme kukatika na jenereta kuchelewa kuwashwa. Hapo hatukununua friji jipya, tulibadilisha mpira, soda tukazihamisha kwenye friji la mbele, na tukatundika kithamomita kidogo cha ndani ambacho mpishi wa zamu anakisoma akifungua na akifunga. Ikashuka.

Halafu usiku, na hapa ndo naomba mtu anisikilize vizuri. Alibaki mpaka tunafunga. Majiko mengi yanafanya madhambi yake saa nne usiku, watu wamechoka, daladala za mwisho zinaondoka, sufuria kubwa la maharage linaachwa juu ya jiko "lipoe" mpaka asubuhi. Sufuria kubwa katikati yake linakaa na vuguvugu masaa mengi sana. Wamarekani wana kanuni, chakula kitoke nyuzi 57 kifike 21 ndani ya masaa mawili, halafu kifike 5 ndani ya masaa manne mengine, na huwezi kufikia hapo na sufuria la lita hamsini hata ukiliweka kwenye friji, utalipasha friji tu na kila kilichomo. Akatuonyesha kumimina kwenye trei za kina kifupi na kuzikalisha kwenye maji ya barafu kwanza. Trei tulikuwa nazo stoo siku zote, za bufee. Bwana afya hawezi kuyaona haya maana anakuja saa nne asubuhi sakafu imedekiwa na kila mtu amevaa kofia, na sio kosa lake, ana maeneo mengi na watu wachache.

Vingine nipitie haraka: kachumbari ilikatwa kwenye ubao uleule uliotoka kukata kuku, kitambaa kimoja kinafuta meza na kukaushia visu, sinki la kunawa mikono limegeuzwa sehemu ya kuweka machupa ya chai, na kijana mmoja wa mishkaki ana kidonda kidoleni kimefungwa kitambaa badala ya plasta na glavu. Hiki cha mwisho msikidharau, kidonda chenye usaha kinabeba bakteria anaitwa Staphylococcus na sumu yake nayo haisikii moto.

Sasa mapungufu, na ni makubwa.

La kwanza ni alama. Ripoti ilikuja na asilimia 80 na kitu, rangi ya kijani, "nzuri sana". Nikakaa nikaisoma mstari kwa mstari nikakuta wali wa nyuzi 44 umekatwa pointi sawasawa na kukosekana kwa kibandiko cha "nawa mikono" juu ya sinki. Hivi vitu viwili vinalinganaje? Kimoja kinaweza kulaza ukumbi mzima, kingine ni karatasi. Ukijumlisha vyote unapata namba moja inayomfurahisha mwenye mali na haimwambii kitu. Kama mkurugenzi wetu angesoma ukurasa wa kwanza tu, na wakurugenzi wengi wanasoma ukurasa wa kwanza tu, angesema jiko liko poa tuendelee.

La pili ni maji. Fomu waliyokuja nayo kwa namna ilivyo imeandikiwa nchi ambazo ukifungua bomba maji ni salama kila siku. Kulikuwa na ukurasa mzima wa kudhibiti vioo visipasuke kwenye chakula, na kuhusu maji swali moja, "mna maji ya bomba, ndiyo au hapana". Ndiyo. Simtanki la juu hakulipanda. Hakuuliza maji yakikatika tunanunua boza la nani, wala simtanki linaoshwa lini, wala klorini. Kwenye huu mji! Mji ambao kipindupindu kililipuka Agosti 2015 kikasambaa mpaka mikoani, na mama lishe wakaonja machungu yake. Nilimwambia kwa heshima, akakubali, kwenye marudio akaja na vile vikaratasi vya kupimia klorini, ila haikutakiwa nimkumbushe mimi niliyemlipa.

La tatu ni kwamba walewale waliotukagua wakaleta na bei ya mafunzo na ya dawa za usafi. Mtu anayekuuzia sabuni akikuandikia kwamba sabuni yako haifai, utamwaminije? Mafunzo tulichukua kwa watu wengine.

La nne ndo lile nililosema nitafika, nani anamlipa mkaguzi. Na hili sio la kampuni moja wala la Tanzania, ni la biashara nzima ya ukaguzi duniani. Mwaka 2011 kule Colorado, Marekani, shamba la Jensen Farms lilikaguliwa na mkaguzi binafsi likapewa alama 96 kwa 100, daraja la juu kabisa. Siku chache baadaye watu wakaanza kuugua listeria, ugonjwa wa bakteria wa kwenye chakula, kutokana na matikitimaji yake ya aina ya cantaloupe, wakafa 33. Wakaguzi wa serikali walipoingia wakakuta maji yamesimama sakafuni na mashine za zamani ambazo hazisafishiki vizuri, zilizokuwa zimetumika kwenye viazi. Vitu vya kuonekana kwa macho. Kabla ya hapo, 2008 kuelekea 2009, Peanut Corporation of America, kampuni ya kusindika karanga, kiwanda chake cha Georgia kilikuwa na sifa ya "superior" toka kwa mkaguzi wa kulipwa, bakteria wa salmonela wakaua watu 9 na kuugulisha zaidi ya 700, na bosi wake Stewart Parnell akahukumiwa miaka 28 jela mwaka 2015. Sasa wewe uliyetundika cheti ukutani karibu na kaunta, hao nao walikuwa navyo.

Na hata vyeti vya serikali havijitoshelezi. Nairobi 2017 kipindupindu kiliingia mpaka kwenye mikutano ya mahoteli makubwa, serikali ikafuta vyeti vya afya vya wahudumu wa chakula ikataka wapimwe upya. Karatasi ilikuwepo, ugonjwa ukapita.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana ingawa sio wa chakula, ni wa viwanda na moshi wake kule Gujarat, India, ulitoka 2013, wa mchumi Esther Duflo na wenzake. Kule mkaguzi alikuwa anachaguliwa na kulipwa na kiwanda chenyewe, na ripoti zilikuwa zinapendeza. Watafiti wakabadilisha, mkaguzi anapangiwa kiwanda kwa bahati nasibu, analipwa kutoka mfuko mmoja wa pamoja, na kazi yake inarudiwa kupimwa na mtu mwingine. Ripoti zikaanza kusema ukweli na viwanda vikapunguza uchafuzi. Watu walikuwa walewale na vifaa vilevile. Mimi natamani sana chama cha wenye migahawa au hata manispaa ifanye hivi, tuchangie mfuko mmoja, wakaguzi wapangwe, hapo hata mteja akiona alama mlangoni itakuwa na maana. Mpaka hapo hili halijafanyika, dawa pekee ni wewe unayelipa uutake ukweli kuliko unavyoitaka alama. Nilimwambia mkaguzi mbele ya wapishi wote kwamba ukituandikia 50 tutakulipa vilevile na mwakani tutakuita, na niliona kabisa mtu kalegea mabega, akaanza kusema.

Msingi wa yote haya ni HACCP, ile ya kutafuta sehemu za hatari kwenye upishi na kuzibana hapohapo. Ilianza miaka ya 1960 kwenye chakula cha wanaanga, kampuni ya Pillsbury na NASA, baada ya kuona kwamba ukitaka kuhakikisha chakula kwa kukipima kikishakamilika utamaliza chakula chote maabara. Ndo maana ukaguzi wa siku moja au mbili kwa mwaka hauwezi kuwa ulinzi wako. Mlinzi ni mpishi wa zamu anayechomeka thamomita leo na kesho. Nyuzi chache tu zina uzito, ule mkasa wa Jack in the Box, migahawa ya baga ya Marekani, mwaka 1993, watoto wanne walikufa na zaidi ya watu 700 wakaugua, nyama ya baga ilikuwa inapikwa kwa nyuzi 60 wakati sheria ya jimbo la Washington ilishasema 68. Nyuzi nane. Baada ya hapo wale jamaa ndo wakaleta HACCP kwenye majiko yao yote na kubana mpaka wauza nyama wao. Mkaguzi wa nje kazi yake ni kuja kuona kama zile namba za daftari ni za kweli au zimeandikwa zote kwa mkupuo saa ya kufunga, na yule wetu aliligundua hilo kwenye ukurasa mmoja kwa kuangalia wino tu.

Sasa hela ilirudi? Kwetu ndiyo, kwa njia ambayo sikuitegemea. Ofisi moja iliyokuwa inatafuta mtu wa kuwapikia mchana iliomba ripoti, na nikawapa yote, pamoja na kurasa mbaya na picha za kabla na baada, sio cheti peke yake. Wakasema wengine walileta vyeti tu. Pia chakula tunachomwaga kimepungua kwa sababu maharage hayachachi tena asubuhi. Na kuna kitu hakiingii kwenye hesabu, mama yetu mpishi mkuu, aliyenyamaza siku nzima ile kwa sababu binti mdogo anamkosoa kwenye jiko lake, sasa ndo anawakagua vijana, thamomita iko mfukoni kwenye aproni na hakuna sufuria linalotoka bila yeye kuichomeka.

Lakini sio kila mtu alipie. Mama lishe au kibanda cha chipsi, usitoe hiyo hela, nakuomba. Nunua thamomita ya kuchoma, trei mbili tatu, ndoo ya kunawia yenye koki, ubao wa pili wa kukatia, umeshapata sehemu kubwa ya faida niliyoipata mimi, na ukiwa na swali mfuate bwana afya wa kata yako kabla hajakufuata, wengi wao wanafurahi kuulizwa. Ukaguzi wa kulipia unaanza kuwa na maana ukiwa na matawi zaidi ya moja na huwezi kuwa kote, au unapika sherehe za watu mia na kuendelea, au unapikia wagonjwa, wajawazito na watoto wa shule. Hao wa mwisho kwangu mimi hata sio hiari. Listeria ya Afrika Kusini ya 2017 na 2018, iliyotoka kwenye polony, ile soseji nene ya kukatwa vipande, iliugulisha watu 1,060 na kuua zaidi ya 200, na kama wanne kati ya kila kumi waliougua walikuwa watoto wachanga.

Na kabla hujasaini, waulize kama wanakuja bila kutaja siku, kama watabaki mpaka mnafunga, thamomita yao inapimwaje, wanauza na sabuni au hawauzi, na marudio yamo ndani ya bei au unalipa upya. Waombe ripoti ya zamani waliyomfanyia mtu mwingine, jina limefutwa. Ukiona kurasa ishirini na hakuna hata nyuzi moja ya joto iliyoandikwa, tafuta wengine.

Sisi tunarudia mwaka huu, kampuni ileile na binti yuleyule, ila mkataba tumeubadilisha. Ukurasa wa kwanza hauna asilimia, una vitu vitatu vya hatari kuliko vyote alivyoviona na namba zake. Simtanki na boza vimeingia. Na siku moja kati ya alizolipiwa lazima iwe Jumamosi ya harusi, aanze na sisi jikoni mchana, apande gari la masufuria, afike ukumbini, apime ile pilau saa tatu usiku watu wakiwa wamepanga foleni.